Kifua kikuu cha babu kilianza ujanani

Hebu fikiria: babu ana miaka 82. Huu mwezi wa pili hali vizuri, nguo zimeanza kumpwaya, na akitembea kidogo tu anarudi kulala. Hakohoi sana. Nyumbani mnasemaje? "Aa, ni uzee huo." Inawezekana ni uzee kweli. Ila jibu hilo lina historia yake, na limewahi kuwapotosha watu wengi.

Tuanzie Marekani, miaka ya 1930. Dawa ya kuponya kifua kikuu (TB) haikuwepo bado. Streptomisini ilikuja kugunduliwa mwaka 1943. Wade Hampton Frost, profesa wa epidemiolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikuwa akichambua takwimu za vifo vya TB vya jimbo la Massachusetts, kuanzia 1880 hadi 1930. Ukisoma za mwaka 1930 peke yake, unaona wanaume waliokufa zaidi ni wale wa miaka hamsini na kitu. Rahisi kusema basi kwamba umri ndio unaoleta TB, sivyo?

Frost akalisoma jedwali lilelile kimshazari. Alilifuata rika moja: watoto waliokuwa chini ya miaka 10 mwaka 1880. Mwaka 1900 walikuwa na miaka ishirini na kitu, na mwaka 1930 hamsini na kitu. Picha ikageuka kabisa. Rika hilo lilikuwa limekufa kwa TB kwa kiwango kikubwa zaidi lilipokuwa na miaka ishirini na kitu kuliko uzeeni. Vifo vya 1930 vilikuwa mabaki ya janga walilokutana nalo wangali wadogo. Frost alifariki mwaka 1938, na makala yake ikatoka mwaka uliofuata.

Inawezekanaje ugonjwa ungoje miaka 50? Mtu akivuta bakteria wa TB, mara nyingi kinga ya mwili huwazingira, nao wakalala bila kufa. Inakadiriwa robo ya watu duniani wameshaambukizwa, na wengi hawataugua kamwe. Lakini umri ukienda, kinga hulegea. Ongeza kisukari, lishe duni au ugonjwa wa figo, na mlango unafunguka.

Nchi iliyoliona hili waziwazi ni Japani. Mwaka 1943 TB iliua zaidi ya watu 170,000 huko. Baada ya vita likaja wimbi la hatua: sheria ya kudhibiti TB ya mwaka 1951, chanjo ya BCG, upigaji picha za eksirei kwa umma, na dawa. Wagonjwa wakapungua kwa kasi ya ajabu. Kisha mwaka 1997 idadi ya wagonjwa wapya ikapanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka 38, na mwaka 1999 serikali ikatangaza hali ya dharura. Wazee walikuwa sehemu kubwa ya wagonjwa hao. Mwaka 2021 kiwango kilishuka hadi 9.2 kwa kila watu 100,000, na karibu theluthi mbili ya wagonjwa walikuwa na miaka 65 au zaidi. Piga hesabu kama Frost: mtoto wa miaka 5 mwaka 1943 alikuwa na miaka 83 mwaka 2021.

Usidhani lakini kwamba mzee huugua kwa deni la zamani tu. Huko Arkansas, Marekani, daktari William Stead alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba TB ilikuwa ikienea ndani ya nyumba za kulelea wazee, kutoka mkazi mmoja hadi mwingine. Mzee anaweza kuambukizwa leo, na anaweza kumwambukiza mjukuu anayelala naye chumba kimoja.

Matibabu nayo yana ugumu wake. Dozi ya kawaida ni ya miezi 6. Isoniazidi na pirazinamidi zinaweza kuumiza ini, na hatari hiyo huongezeka na umri. Rifampisini nayo hupunguza nguvu za dawa nyingine, kama warfarini ya kuzuia damu kuganda na baadhi ya vidonge vya kisukari. Kwa hiyo mwambieni daktari kila dawa anayomeza, hata ile ya dukani.

Halafu kuna suala la kumeza kila siku bila kusahau. Hapa historia inapita kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikishirikiana na Karel Styblo, mtaalamu mzaliwa wa Chekoslovakia. Pima makohozi kwa hadubini, hakikisha mgonjwa anameza dawa, andika kila mgonjwa kwenye rejista hadi apone: mambo hayo ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa mkakati wa DOTS, ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza miaka ya 1990. Baada ya tangazo lile la dharura, Japani nayo ikautumia kwa namna yake, ikiwatuma wauguzi na wafamasia kuhakikisha wagonjwa wanameza dawa.

Turudi kwa babu. Kwa wazee, TB mara nyingi haiji na kikohozi kikubwa wala homa kali. Huja na uchovu, kukosa hamu ya kula na kukonda. Mpelekeni apimwe. Na mkiwa njiani muulize swali ambalo Frost angeuliza: ulipokuwa mdogo, nani alikuwa akikohoa nyumbani kwenu?