Ralonji Chini ya Meza

Katika miji mingi, fundi anayepanga meza ya mikutano huanza na viti. Huhesabu watakaokaa, akaweka tundu la umeme na la mtandao mbele ya kila mmoja, kisha akashusha nyaya kwenye mguu wa meza hadi sakafuni. Bukavu, mashariki mwa Congo, hesabu huanzia kwingine. Swali la kwanza ni umeme utatoka wapi ifikapo saa nne asubuhi. La pili, ambalo halitajwi sana, ni vyombo vitatolewaje nje ikibidi watu waondoke kwa haraka. Maswali yote mawili yana historia, na historia hiyo ni ya mji wenyewe.

Wabelgiji walianzisha kituo chao Bukavu mwaka 1901, na mwaka 1927 wakaubandika mji jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans aliyekuwa ofisa wao mkubwa. Jina la zamani lilirudi katika miaka ya 1950. Kati ya nyakati hizo mbili yalijengwa majumba yanayowavutia wapiga picha hadi leo: kuta nene, pembe za mviringo, mabaraza yanayotazama Ziwa Kivu, mengi yake kwenye Avenue Royale ambayo sasa ni Avenue Patrice Emery Lumumba. Meza ya mkutano ya enzi hiyo haikudai umeme. Juu yake palikuwa na majalada, wino na kisahani cha majivu ya sigara. Taipureta ilitumia nguvu za vidole. Taa ya darini ilitosha, na chumba kizima kiliweza kuridhika na tundu moja au mawili ukutani. Uchache huo wa matundu ni urithi ambao ofisi zilizomo ndani ya kuta hizo zinahangaika nao bado.

Umeme wa uhakika ulikuja kutoka mtoni. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu palepale mjini na kuteremka kwa kasi kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1958 mitambo miwili ya kwanza ya Ruzizi I ilianza kazi, ikilisha Bukavu na pia Usumbura, Bujumbura ya leo. SNEL, shirika la umeme la taifa, liliundwa mwaka 1970, na miaka miwili baadaye mitambo mingine miwili ikaongezwa, jumla ikafika megawati 28 na kitu. Kisha zikaja siasa za ujirani. Congo (wakati huo Zaire), Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya CEPGL mwaka 1976, na mwaka 1983 zikaanzisha shirika la pamoja, SINELAC, lijenge Ruzizi II. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1989, kikafikia karibu megawati 44 baada ya mtambo wa tatu kuongezwa, na umeme wake hugawanywa kwa nchi tatu sawasawa.

Kwa hiyo Bukavu ni mji uliokaa mlangoni pa bwawa. Mgeni angetarajia usiwe na giza kamwe.

Lakini mji uliopangwa kwa ajili ya maofisa wachache umekuwa na watu zaidi ya milioni moja. Nyumba zimepanda milima ya Kadutu na Bagira, na nyaya zimezifuata kwa namna yoyote iliyowezekana. Mitambo ya 1958 imezeeka. Chupa na mifuko ya plastiki inayosombwa na mvua hadi ziwani huenda ikajikusanya kwenye bwawa la Ruzizi I, na zaidi ya mara moja imewahi kuziba mitambo. Matokeo yake ni delestaji, umeme wa zamu: leo mtaa huu, kesho ule. Hata ukiwapo, mara nyingi huja dhaifu, na kompyuta huchukia umeme dhaifu kuliko giza. Kabla ya kuitisha mkutano mtu huuliza, "SNEL iko?", na jibu ndilo hupanga saa.

Upande wa mawasiliano ulipitia njia nyingine. Simu za posta zilihudumia wachache, na kadiri serikali ya Zaire ilivyodhoofika katika miaka ya 1980 ndivyo zilivyonyamaza. Pengo lilizibwa na foni, redio ya masafa marefu. Wamisionari, wafanyabiashara na mashirika ya misaada walikuwa na chumba cha foni: meza, redio, betri ya gari ya volti 12 sakafuni, antena ya waya iliyotandazwa baina ya miti, na pengine paneli ya jua juu ya paa. Hiyo ndiyo meza ya kwanza ya Bukavu iliyopangwa kufuata nyaya zake. Ilikaa karibu na dirisha kwa sababu waya wa antena ulipitia hapo, na betri haikuwekwa mbali kwa kuwa waya mrefu wa volti 12 hupoteza nguvu njiani. Mazungumzo yenyewe yalikuwa na adabu ya mkutano: mmoja anasema, anaachia kitufe, mwingine anajibu, na kila mwenye redio ya mawimbi hayo anasikia habari za wenzake.

Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa maelfu na maelfu, na nyuma yao wakaja wafanyakazi wa misaada na simu za setilaiti na jenereta. Mwisho wa Oktoba 1996 mji ulitekwa na waasi wa AFDL; Agosti 1998 yakaanza maasi ya RCD. Ofisi ziliporwa, zikafunguliwa, zikaporwa tena. Radio Maendeleo, iliyozaliwa mwaka 1993 mikononi mwa mashirika ya kiraia, ilifungwa na watawala wa RCD mwaka 1999, vifaa vyake vikachukuliwa, isirudi hewani hadi 2001. Simu za mkononi za kwanza ambazo wakazi wengi walizishika zilinasa mnara wa upande wa pili, Cyangugu nchini Rwanda, kwa kuwa mawimbi hayaombi viza. Mitandao ya Congo, Celtel na Vodacom, ilifuata baadaye.

Meza ilibadilika kweli pale amani ya kiasi iliporudi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulianza kuitumia Congo kama moja ya nchi za kwanza kujaribu mfumo mpya wa uratibu wa misaada: kundi la afya, la maji, la chakula, la ulinzi, kila moja na vikao vyake. Bukavu, kama makao makuu ya Kivu Kusini, ikawa mji wa vikao. Watu ishirini wakiwa na kompyuta ndogo ishirini, mashine moja ya kuonyeshea picha ukutani, na matundu mawili yaliyoachwa na Mbelgiji.

Hapo ndipo ralonji ilipotawala. Waya mrefu wenye matundu manne au sita kichwani hutambaa kutoka ukutani hadi chini ya meza, unachomekewa mwingine, na huo unachomekewa wa tatu. Mafundi wanajua ni hatari: shehena yote ya meza hupita kwenye plagi moja ya kwanza, na plagi hiyo ndiyo inayoyeyuka. Juu ya hapo kuna mchanganyiko wa plagi. Matundu ya Congo ni ya Kibelgiji, mashimo mawili ya mviringo na ncha ya ardhi iliyochomoza. Mjumbe kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam huja na plagi ya Kiingereza ya miguu mitatu bapa na fyuzi ndani yake, muundo uliowekwa Uingereza mwaka 1947. Adapta ya bei nafuu huziunganisha kwa kuiacha ncha ya ardhi ikining'inia bure, na mwenye kompyuta yenye ganda la chuma huhisi mtetemo mdogo mkononi akiandika muhtasari.

Hesabu ya meza kama hiyo si ngumu. Kompyuta ndogo moja hula wati 30 hadi 60; ishirini zikichajiwa pamoja hufika wati elfu moja, na mashine ya picha huongeza 300. Kwenye volti 220 hizo ni ampea sita hivi, mzigo ambao ralonji nzuri ya ampea 16 huubeba bila taabu. Shida ni kinachoingia kwa mlango wa nyuma. Birika la chai la wati 2,000 likichomekwa kwenye waya uleule, na printa ya leza ikiamka na kupasha moto roli yake, kila kitu huweza kuzimika. Kwenye betri hali ni ngumu zaidi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina kilowati-saa 2.4 kwa maandishi, lakini mwenye kutaka idumu hutumia nusu tu. Kwa kikao cha watu ishirini nusu hiyo haimalizi saa moja.

Kutokana na hayo ofisi nyingi zilizojiweza zilijenga njia mbili za umeme: moja ya SNEL kwa taa, friji na birika, na nyingine inayopitia inveta na betri kwa kompyuta na mtandao pekee, huku jenereta ikisubiri uani na swichi ya kuhamishia mzigo. Mpango huu ni wa akili zaidi kuliko meza nyingi za kifahari zenye vifuniko vya chuma na matundu ya USB, maana unakiri kwamba umeme utakatika na unaamua mapema nani aachwe gizani. Mpishi, kwa kawaida.

Mtandao nao ulifuata mkondo wa vyanzo. Kwanza lilikuja dishi la setilaiti: ishara ilipanda kilomita 36,000 na kushuka, hivyo jibu lilichelewa kurudi kwa zaidi ya nusu sekunde na wajumbe wakakatizana maneno. Nyaya za baharini SEACOM na EASSy zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, njia ya nchi kavu kuelekea mashariki ilianza kuwa ya maana kwa mji ulio mbali na Atlantiki. Ila wenye mamlaka Kinshasa wana swichi yao. Ujumbe mfupi wa simu ulifungwa nchi nzima Desemba 2011, intaneti Januari 2015, kisha tena kuanzia siku ya mwisho ya 2018 kwa karibu majuma matatu baada ya uchaguzi. Hakuna mpango wa meza unaoweza kulitibu hilo, isipokuwa kuwa na laini ya ng'ambo mfukoni.

Na bado mgeni huuliza kwa nini ofisi zenye fedha hazitoboi meza wala kuzika nyaya sakafuni. Gharama ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine iko kwenye tarehe: Juni 2004, makamanda waasi Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji kwa siku kadhaa; Februari 2025, waasi wa M23 waliingia, na maghala ya Mpango wa Chakula Duniani yakaporwa tani zipatazo 7,000. Inveta iliyofungwa ukutani hubaki na nyumba. Ralonji huviringwa, rauta huingia mkobani, na kikao kinaweza kuendelea Uvira, Bujumbura au sebuleni kwa mtu.

Baada ya Februari hiyo benki zilifunga milango na mikutano mingi ikahamia kwenye skrini za simu. Congo ilikuwa imeipiga marufuku Starlink Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025, wakati Bukavu ilikuwa tayari haimo mikononi mwa serikali iliyoitoa. Mtoni, chini ya vituo viwili vilivyopo, Ruzizi III inasubiri: megawati 206 kwenye michoro, za kugawanywa kwa majirani walewale watatu, ambao kwanza itabidi wakae meza moja.