Maasi ya Juni 1832 na Maana ya Kushindwa katika Les Misérables

Aghalabu husikika ikisemwa kwamba tamthilia ya muziki Les Misérables inahusu Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Dai hilo si sahihi. Mapigano yanayooneshwa jukwaani ni maasi ya Paris ya tarehe 5 na 6 Juni 1832. Makala haya yanashikilia kwamba tofauti hiyo inabadili maana ya kazi nzima: mapinduzi ya 1789 yaliuangusha utawala uliokuwapo, ilhali maasi ya 1832 yalizimwa kwa siku mbili tu.

Maasi hayo yalikuwa na vyanzo viwili. Cha kwanza ni cha kisiasa. Mnamo Julai 1830, wakazi wa Paris walimng'oa Mfalme Charles X, lakini badala ya jamhuri waliyoitamani wengi wa wapiganaji, kiti cha enzi kilikaliwa na Louis-Philippe. Cha pili ni maradhi. Kipindupindu kiliingia Paris Machi 1832 na kuua maelfu ya watu, hasa katika mitaa ya maskini. Jenerali Lamarque, mpinzani wa serikali aliyependwa na umma, alifariki kwa maradhi hayo tarehe 1 Juni. Msafara wa mazishi yake, tarehe 5, uligeuka uwanja wa mapambano. Vizuizi vya mwisho, karibu na kanisa la Saint-Merri, vilivunjwa kesho yake.

Kwa nini Victor Hugo alichagua tukio la kushindwa? Riwaya yake ilichapishwa 1862, akiwa uhamishoni Guernsey kwa kumpinga Napoleon III. Hata hivyo, katika maasi ya wafanyakazi ya Juni 1848, Hugo, akiwa mbunge, alisimama upande wa serikali dhidi ya waliojenga vizuizi. Suala hilo analirejelea mwanzoni mwa sehemu ya tano ya riwaya. Kwa hiyo, sifa anazowamiminia vijana wa 1832 zinaweza kusomwa pia kama maneno ya mtu anayejihoji.

Tamthilia ya Schönberg na Boublil, iliyooneshwa Paris 1980 na London 1985, imeuacha mjadala huo wa 1848. Ufupisho huo unaeleweka kijukwaa. Lakini mwalimu anayeifundisha kazi hii kama kisa cha ushindi wa 1789 huiondolea swali lake kuu: waliokufa bila kushinda wanadai nini kwa waliosalia?