Nuru Isiyoonekana ya Jupita

Katika miezi fulani tunaona usiku nyota moja kubwa, nyeupe, isiyometameta. Mara nyingi ndiyo Jupita, sayari kubwa kupita zote zinazozunguka jua letu. Leo tueleze namna watu walivyopima joto la hewa yake ya juu kwa nuru tu.

Mwaka wa 1906 Theodore Lyman, wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alivumbua nuru ya gesi ya hidrojeni ambayo macho hayaioni. Ni nuru ya urujuanimno, yaani iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani katika upinde wa mvua. Lakini hewa ya dunia huizuia isifike chini. Ikabidi kungoja roketi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 roketi ilipanda juu ya hewa kwa dakika chache, ikaiona hidrojeni ya Jupita iking'aa.

Tarehe 5 Machi 1979 chombo Voyager 1 kilipita karibu na sayari hiyo, kikalitazama jua likitua nyuma yake. Hidrojeni ikameza nuru ya urujuanimno kidogo kidogo, hata ikaimaliza. Na kwa kuwa gesi yenye joto huenea juu zaidi kuliko gesi baridi, wataalamu waliweza kukadiria joto lake.

Hapo wakashangaa. Jupita hupata sehemu moja tu kati ya 27 ya nuru tunayopata sisi. Kwa jua peke yake, hewa yake ya juu ingekuwa nyuzi 70 hivi chini ya sifuri. Kumbe, ina joto la mamia ya nyuzi! Latoka wapi?

Voyager ilikuwa imeona pia nuru kali kwenye ncha za sayari, inayowashwa na chembe za umeme zinazoanguka kwa nguvu. Wengine walisema joto latoka huko. Wengine walijibu kwamba pepo za Jupita zingelizuia lisifike katikati. Mwaka wa 2021 ramani zilizopimwa kwa darubini ya Keck, Hawaii, zilionyesha joto likipungua polepole kutoka nchani hadi katikati. Basi, lilikuwa likisafiri.

Waliohesabu jua tu hawakuwa wajinga. Hesabu yao ilipungukiwa na kitu kimoja, nacho macho hayakuweza kukiona.