Usonji: jinsi ya kumsaidia mtoto nyumbani
Usonji si laana wala uchawi, na hauletwi na chanjo. Ubongo wa mtoto umekua kwa namna tofauti. Hakuna dawa ya kuuponya, lakini mtoto hujifunza. Tiba ya tabia huigawa kazi katika hatua ndogo. Akitaka maji, mwonyeshe kikombe, sema "maji", kisha subiri. Akijaribu, hata kwa kunyoosha kidole tu, mpe hapo hapo na umsifu. Rudia kila siku kwa maneno yale yale.

Kabla ya kwenda kwenye foleni ya mgao, mwonyeshe mfuko wa chakula ajue kinachofuata. Akipiga mayowe, huenda kelele za umati zinamuumiza: msogeze pembeni. Wapo wazazi wanaomfunga kamba wakihofia atapotea. Hilo humzidishia woga. Kwenye kituo cha afya, omba apimwe masikio pia, maana mtoto asiyesikia huweza kudhaniwa ana usonji.