Basi ya Mashabiki wa Away: Nani Hulipa, Inapangwaje, na Msee wa Kivaa Aangalie Nini

Tiketi ya mechi ya kawaida ya ligi Kenya si ngori. Ngori ni kufika. Kwa msee wa Kivaa, huko Masinga, mechi zote za ligi kuu ni za ugenini. Hata Gor Mahia ama AFC Leopards wakiwa "nyumbani", wewe uko safarini. Ndiyo maana hii stori ya klabu kusaidia kulipia basi za mashabiki inakuhusu kuliko inavyomhusu msee wa Umoja mwenye ameshuka tu stage.

Ni kitu gani hasa

Klabu inalipa sehemu ya pesa ya kukodi basi ndio shabiki alipe kidogo, ama asilipe kabisa. Inafanywa kwa njia mbili. Ya kwanza, klabu inatoa kiasi fulani kwa basi, inayobaki mnagawana. Ya pili, klabu inatangaza bei ya kiti, na basi isipojaa, hasara ni yao.

Angalia tofauti kwa hesabu ya mfano. Tuseme mathree ya viti 33 inakodishwa 16,500. Ikijaa, kila mtu ni 500. Klabu ikitoa 6,600, inabaki 9,900, so kila mtu ni 300. Fiti. Lakini wakijitokeza watu 22 tu, kila mmoja anarudi kulipa 450. Kwa njia ya pili, wale 22 wanalipa 300 kama walivyoambiwa, na klabu inajaza 9,900. Kwa hivyo ukiskia "klabu imesaidia", uliza wamesaidia basi ama wamesaidia kiti.

Ilianza kusikika wapi

Mfano unaotajwa sana ni Uingereza. Mwaka wa 2013, klabu za Premier League zilikubali kila moja iweke pauni 200,000 kwa msimu, kwa miaka 3, ya kusaidia mashabiki wa ugenini. Klabu zingine zilipunguza tiketi, zingine zikalipia mabasi. Hiyo haikutoka kwa roho safi ya wadosi. Mashabiki walikuwa wamepiga kelele juu ya bei, na viti vya ugenini vikibaki wazi TV inaonekana vibaya. Kuanzia msimu wa 2016/17 tiketi ya ugenini ikawekewa kikomo cha pauni 30.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Tiketi si ndio inakula mfuko, ni fare. Kwa mtu wa Kivaa, klabu ikishusha tiketi kwa shilingi 50 ni kama haijafanya kitu. Ikishusha fare kwa 200, hiyo unaifeel.

East Africa tunafanyaje

Kenya, safari nyingi hupangwa na mashabiki wenyewe kupitia matawi. Watu wanachanga, mtu mmoja anashika doo, mathree inakodiwa, mnatoka asubuhi na mapema. Green Army ya Gor na watu wa Ingwe wamefanya hivi miaka nenda miaka rudi. Shabana waliporudi ligi kuu 2023, baada ya kushuka 2006, mashabiki wa Tore Bobe walionyesha nchi nzima vile timu ya Kisii inaweza kujaza uwanja wa wenyewe.

Tanzania wamesukuma mbali zaidi. Aprili 2024, Yanga ikicheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns, kuna mashabiki walipanda basi kutoka Dar hadi Afrika Kusini. Wakashuhudia sare ya 0-0 na timu yao ikitolewa kwa penalti. Siku kadhaa za barabara, halafu penalti. Hiyo ndiyo mapenzi.

Mbona klabu zetu hazilipi sana

Sababu ya kwanza ni ukata. SportPesa ilipoondoa udhamini wake 2019, Gor na Ingwe zote ziliumia. Klabu yenye wachezaji hawajalipwa haiwezi kuanza na basi ya mashabiki.

Sababu ya pili haiongelewi sana. Kwa mechi za ligi, pesa za mlangoni huchukuliwa na timu ya nyumbani. Klabu yako ikikupeleka ugenini kwa bei poa, ile tiketi yako inaingia mfuko wa wapinzani. Lakini geuza hiyo hesabu: timu ndogo ikikaribisha Gor, wanaojaza uwanja ni wageni. Basi moja ya watu 33 kwa tiketi ya 200 ni 6,600 mlangoni, same na ile klabu ilitoa kwa mfano wetu hapo juu. So mwenye ana sababu kubwa ya kuchangia basi ya ugenini ni timu ya nyumbani. Klabu mbili zikikaa chini zigawane hiyo gharama, kila mtu anapata kitu.

Kuna mlipaji wa tatu: mwanasiasa. Basi ni free, lakini angalia kama kuna T-shirt za kuvaa na mkutano wa kupitia kwanza. Ukikubali, kubali ukijua.

Kivaa inaingia wapi

Uwanja mkubwa wa kaunti yetu ni Kenyatta Stadium, Machakos, ile ilikarabatiwa enzi za gavana Alfred Mutua. Kasarani na Nyayo zilipofungwa kutengenezwa kwa ajili ya CHAN ya 2024, iliyochezwa Agosti 2025, Machakos ilikuwa kati ya viwanja vilivyobeba mechi za ligi. Mpira ulikuja kaunti yetu, lakini Kivaa iko ule upande mwingine wa kaunti. Lazima utoke hadi Matuu kwanza, ndio uanze kufikiria Machakos ama Thika.

Na shida kubwa si kuenda, ni kurudi. Mechi ikianza saa tisa, inaisha karibu saa kumi na moja. Ukifika Matuu usiku, mathree za kuingia ndani zimeisha na boda anakuitisha bei ya mtu aliyekwama. Basi inayokushusha Matuu imekuokolea nusu ya safari tu. Kama tawi linataka watu wa Masinga, Ekalakala na Kivaa, basi ianzie huku na iishie huku.

Kabla utume pesa, uliza hizi

1. Gari ni ya PSV na iko kwa sacco ama kampuni? Basi ya shule ama ya kanisa ikibeba watu wa kulipa bila leseni hiyo, ajali ikitokea insurance inaweza kukataa kulipa.
2. Inatoka nje ya route yake? Basi inahitaji kibali cha muda kutoka NTSA. Safari ya usiku pia ina kibali chake. Bila hizo, mtalala roadblock.
3. Bei ni ya kuenda na kurudi? Tiketi iko ndani ama ni kando?
4. Mechi ikiahirishwa, pesa inarudi? Ligi yetu hubadilisha tarehe na uwanja ghafla.
5. Ni nani anashika doo, na kuna mtu wa pili anaona hesabu?
6. Basi inatoka uwanjani saa ngapi, na nani anahesabu watu kabla iondoke?
7. Viti ni 33? Basi watu ni 33. Yule wa 34 amesimama ndiye atafanya mshikwe wote.

Klabu ikitaka kujua mashabiki wake wako wapi, isihesabu likes. Itangaze basi moja kutoka Kivaa, kiti 300, kurudi hadi Kivaa, halafu ione kama itajaa.