Picha inayojifuta: ahadi na historia yake

Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma, watoto wengi walijikuta peke yao bila wazazi. Walipigwa picha, na picha zikabandikwa kwenye mbao kambini ili mama akipita amtambue wake. Siku zile, picha kuonwa na watu wengi ndiyo ilikuwa msaada.

Leo familia iliyokimbia vita ina hofu nyingine. Picha ya mtoto, ya kadi ya uchaguzi au ya nyumba walikofikia ikiangukia mikono mibaya, inaonyesha mahali walipo.

Dawa iliyoahidiwa ni picha inayojifuta. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianzisha Snapchat: wakati huo picha ilionwa sekunde 1 hadi 10, kisha ikapotea. Ahadi tamu. Mwezi wa 5 mwaka 2014, tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo kwamba ilidanganya wateja: aliyepokea picha aliweza kuihifadhi kwa programu nyingine. Kampuni ikakubali kukaguliwa miaka 20.

Mwezi wa 3 mwaka 2019 Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walileta njia ya viungo, wakaiita Firefox Send. Faili ilifungwa kwa siri ndani ya mashine ya mtumaji kabla ya kuondoka, na Mozilla wenyewe hawakuweza kuiona. Mtumaji aliamua kiungo kife baada ya kufunguliwa mara ngapi, au baada ya dakika 5 hadi siku 7. Lakini ufunguo ulikuwa ndani ya kiungo chenyewe, sawa na kutuma kufuli na ufunguo wake katika bahasha moja! Aliyekipata kiungo ameingia. Ndiyo maana iliwekwa nafasi ya kuongeza neno la siri. Wahalifu nao wakaipenda, wakasambazia virusi, na mwaka 2020 ikafungwa.

WhatsApp, iliyo kwenye simu nyingi za Kivu, ilileta picha ya kuonwa mara moja tu mwezi wa 8 mwaka 2021. Mwaka uliofuata ikatangaza kuzuia kunasa skrini. Simu ya pili ikishikwa juu ya ile ya kwanza bado inaipiga.

Anayetumia kiungo, neno la siri alitamke kwa kupiga simu, asiliandike pembeni ya kiungo. Na kibao cha shule kinachoonekana nyuma ya mtoto kikatwe kabla picha haijaondoka.