Macho Mekundu: Ugonjwa Uliosingiziwa Mwezi

Mada ya leo ni macho mekundu, ule ugonjwa ambao mtoto mmoja akirudi nao kutoka shuleni Jumatatu, kufikia Ijumaa nyumba nzima inafikicha macho. Tutaupitia kwa njia ya historia, kwa sababu historia yake ina funzo kubwa. Mara nyingi ulipozuka, watu walitafuta cha kulaumu mbali, hata angani, kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa mikononi mwao.

Tuanzie Afrika Magharibi. Mnamo Juni 1969, mjini Accra nchini Ghana, watu walianza kumiminika kwenye kliniki za macho. Jicho lilianza kuwasha ghafla kana kwamba limeingia mchanga, likatoa machozi, kope zikavimba, na weupe wa jicho ukaonyesha mabaka ya damu. Mara jicho la pili nalo likafuata. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Julai, Wamarekani wawili walitua mwezini kwa safari ya Apollo 11. Uvumi ukaenea kwamba safari hiyo ndiyo iliyoleta balaa duniani. Ugonjwa ukabatizwa jina Apollo, na hadi leo wengi nchini Ghana na Nigeria wanauita hivyo.

Lakini hebu tazama kalenda, mama. Wagonjwa wa kwanza walionekana Juni, nayo Apollo 11 iliondoka duniani tarehe 16 Julai. Mwezi ulisingiziwa tu.

Ugonjwa haukukaa Accra. Kufikia mwaka 1970 ulikuwa umefika Indonesia na Singapore, na mwaka 1971 ukaingia India. Wakati huo watu wengi walikuwa wakikimbia vita vya Bangladesh na kujazana katika kambi upande wa India. Wenyeji wa Calcutta wakaupa ugonjwa jina la kaulimbiu ya ukombozi ya wakimbizi hao: Joy Bangla. Ghana walilaumu mwezi, Calcutta wakaunasibisha na mgeni.

Wanasayansi nao walikuwa kazini. Kutokana na mlipuko wa Japani mwaka 1971, walipata kirusi kipya katika macho ya wagonjwa, wakakiita enterovirusi 70. Kingine, kinachoitwa koksaki A24, kilipatikana Singapore katika mlipuko wa mwaka 1970. Basi ikajulikana: hakuna vumbi la mwezini wala laana. Ni virusi, vijidudu vidogo mno, vinavyokaa kwenye machozi na matongo ya mgonjwa. Mgonjwa anafikicha jicho, anashika taulo, nawe unashika taulo hiyo na kugusa jicho lako. Siku moja au mbili baadaye, zamu ni yako.

Kuna kisa kingine cha kale kidogo kinachoonyesha nguvu ya mikono. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, miaka ya 1941 na 1942, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya kuunda meli huko Hawaii na pwani ya magharibi ya Marekani waliugua macho. Wafanyakazi hawa walikuwa wakiingiwa na vipande vidogo vya chuma machoni, wakaenda kliniki ya kiwandani kutolewa. Kumbe huko kliniki ndiko wengi walikoambukizwa, kupitia mikono na vifaa vilivyotoka jicho la mmoja hadi jicho la mwingine. Mwaka 1955 kirusi chake kilitambuliwa: adenovirusi ya aina ya 8. Virusi vya jamii hii vinaweza kuishi wiki kadhaa juu ya kitu kikavu, kama vile meza au kitasa cha mlango. Ikiwa hata kliniki iliweza kusambaza ugonjwa, sembuse beseni moja la kunawia watoto watano!

Sasa turudi kwetu. Mapema mwaka 2024 macho mekundu yalizuka Dar es Salaam, na punde si punde Mombasa. Maafisa wa afya wakatoa tahadhari. Watu wakaogopa hata kumtazama mgonjwa. Mama, ukimtazama mgonjwa machoni huambukizwi. Unaambukizwa ukigusa alichokigusa kisha ukapeleka mkono jichoni bila kunawa.

Na hapa ndipo penye hatari yenyewe. Macho mekundu ya virusi, kwa kawaida, hupona yenyewe katika muda wa wiki moja hadi mbili, na jicho hubaki zima. Kinacholeta upofu mara nyingi ni kile tulichokitia jichoni kwa haraka ya kutaka nafuu. Mwaka 1994 madaktari Yorston na Foster waliandika kuhusu wagonjwa wa Tanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Karibu mmoja katika kila wanne alikuwa ametumia dawa za kienyeji za macho. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu hilo huziba njia ya mwanga. Mtoto aliyekuwa na ugonjwa wa wiki moja anabaki na jicho lisiloona maisha yake yote.

Kwa hivyo, usimtie mtoto maji ya majani, mkojo, chumvi, asali wala mafuta ya taa. Maziwa ya mama ni chakula bora cha mtoto mchanga, lakini kinywa ndiyo njia yake. Jichoni si dawa. Usitumie pia chupa ya matone iliyobaki kwa jirani. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Matone yenye steroidi, ambayo hupunguza wekundu haraka, yanaweza kuharibu jicho kabisa ikiwa kirusi ni cha hapesi, kile kinacholeta malengelenge mdomoni. Matone hayo yatumike kwa amri ya daktari peke yake.

Ufanye nini basi nyumbani?

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kumhudumia mtoto. Ikiwa huna mfereji, kopo lililotobolewa chini linatosha.
2. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha safisha matongo kwa pamba au kitambaa safi, ukianzia upande wa pua kuelekea nje. Kila jicho na kipande chake. Pamba itupe, kitambaa kichemshe.
3. Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya macho yaliyofungwa ili kupunguza uvimbe na mwasho. Kwa maumivu, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake.
4. Mgonjwa awe na taulo, leso na mto wake. Wanja usitumiwe na watu wawili.
5. Mtoto akae nyumbani hadi macho yaache kutoa machozi na matongo. Mwambie mwalimu, naye awaangalie wengine.

Zipo dalili ambazo hazingoji. Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ukiona haoni vizuri, ana maumivu makali, anashindwa kuvumilia mwanga, au pana doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Nenda pia ikiwa wekundu haujapungua baada ya wiki moja, au ikiwa jicho liliumizwa. Mtoto mwenye macho mekundu pamoja na homa, kikohozi na vipele huenda ana surua, na surua inaweza kupofusha. Huyo anahitaji vitamini A kutoka kwa mhudumu wa afya. Hakikisha anapata chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Na mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja ambaye macho yake yanatoa usaha, usimngojee hata usiku mmoja. Hayo huenda yakawa maambukizi ya bakteria aliyoyapata wakati wa kuzaliwa, na yanaweza kumpofusha kwa siku chache.

Kwa ufupi, mpendwa msikilizaji, watu wa Accra walitazama mwezini na wa Calcutta wakamtazama mgeni. Sisi tuliokuja baadaye tunajua pa kutazama: mikono, taulo na beseni. Nawa mikono, tenga taulo, na usitie kitu jichoni bila ushauri wa mhudumu wa afya. Mweleze jirani haya uliyoyasikia, maana ugonjwa huu hauna mpaka wa boma. Kinga ni bora kuliko tiba.